SAUTI ILIYOMO KATIKA KANDA NI YA NANI?

Yako maswali ambayo wazee wetu hawakuwa na haja ya kuulizana, kwa sababu mambo yenyewe hayakuwapo. Zamani mtu alipokufa, sauti yake ilikwenda pamoja naye. Yalibaki maneno yake, zikabaki nyimbo zake katika vinywa vya wengine. Lakini ile sauti yenyewe, namna yake ya kucheka na ya kuita, hakuna aliyeweza kuitia sandukuni. Siku hizi yawezekana. Basi twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya shauri moja lililoletwa mbele yetu hapa Puge, wala si shauri la mzaha.

Habari yenyewe ni hii. Alikuwako katika kijiji chetu mtu mwenye kamera ya video, ambaye kwa miaka mingi alialikwa arusini na katika sikukuu za kwaya ili apige picha. Alipofariki alimwachia mwanawe sanduku lililojaa kanda. Kijana huyo ana akili ya vyombo, ajua kazi ya kompyuta, tena apenda muziki ule unaotengenezwa kwa mashine, pasipo zeze wala ngoma ya ngozi. Akatafuta mashine ya zamani ya kuchezea kanda, akaitengeneza, akazisikiliza zote moja moja. Katika kanda ya arusi ya mwaka 1996 akaikuta sauti ya bibi arusi. Saa ya kuagana na nyumba ya wazazi, wanawake wakipiga vigelegele, yule binti alimgeukia mama yake akasema, “Mayu, usilie.” Maneno mawili tu. Kijana akayakata maneno yale pamoja na vigelegele, akayarudia-rudia juu ya mapigo ya mashine, akapata wimbo. Wenzake wakaupenda, ukapita kutoka simu hata simu, mwisho ukapigwa kwa nguvu siku ya mnada katika kibanda cha muuza simu.

Mama yule alikuwapo mnadani, akiuza karanga. Binti yake alifariki mwaka 1998 katika kujifungua. Kwa miaka zaidi ya 25 hakuisikia sauti ile, wala hakujua ya kuwa imehifadhiwa mahali po pote. Na sasa aliisikia ikimwita katikati ya watu, mara moja, mara kumi, mara mia, na vijana wakicheza. Akaziacha karanga zake palepale, akaenda nyumbani.

Jambo lilipofika mbele ya wazee, maneno yakawa mengi. Wengine walisema kijana amewaita wafu, na kazi kama hiyo ni haramu kabisa. Wengine, na hasa vijana, walisema hakuna kosa: kanda ni mali ya baba yake, wimbo ni mzuri, naye hakumtukana mtu. Sisi tuliosikiliza tuliona kwamba kila upande umeshika kipande cha kweli, lakini hakuna aliyeishika yote. Ndiyo sababu twaandika.

Kwanza yafaa tuijue kazi yenyewe, maana ni vibaya kuhukumu tusilolijua. Kanda ya video ya namna iliyoenea sana, ambayo ilianza kuuzwa Ujapani mwaka 1976, ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga laini wa madini ya chuma. Picha huandikwa katikati ya utepe kwa nguvu ya sumaku, na sauti huandikwa pembeni. Utepe huo hutembea polepole sana; katika mashine za kwetu hauzidi sentimita 2 na nusu kwa sekunde moja. Kwa sababu hiyo sauti yake hutoka nzito kidogo, yenye mvumo kama wa upepo katika majani makavu. Wafanya muziki wa siku hizi waupenda mvumo huo, maana humfanya msikilizaji aone kwamba asikia kitu kilichotoka mbali. Basi huunga waya kutoka kwenye mashine hata kompyuta, nayo kompyuta huigeuza sauti kuwa tarakimu, maelfu mengi kwa kila sekunde. Ikiisha kuwa tarakimu, huweza kukatwa, kuongezwa mwendo, kushushwa, kugeuzwa nyuma mbele, na kurudiwa pasipo mwisho. Hakuna uchawi hapo. Aliyesema kwamba wafu wameitwa alikosea. Kilichoitwa ni alama ya sauti, kama vile unyayo ni alama ya mguu.

Lakini unyayo wa mtu si kitu cha bure. Mama akiuona unyayo wa mwanawe aliyesafiri, huupita kando asiukanyage. Hapo ndipo swali letu linapoanza.

Wale vijana walisema ya kuwa nyimbo zote hutengenezwa kwa nyimbo zilizotangulia. Neno hili ni kweli, tena hapa Puge twalijua kuliko wengi. Kijiji chetu kiko katikati ya njia iendayo Tabora na Nzega, na Tabora palikuwa njia panda ya misafara ya zamani: njia moja ilitoka Bagamoyo, moja ilikwenda Ujiji, na nyingine ilielekea kaskazini hata ziwa kubwa, ambayo Speke aliifuata mwaka 1858. Wanyamwezi walichukua mizigo ya ratili 60 hata 70 mabegani, nao walikwenda kwa nyimbo. Kirangozi alitangulia akiimba mstari, na wapagazi nyuma yake wakamwitikia. Wimbo uliotungwa Unyanyembe uliweza kuimbwa pwani, ukarudi na maneno mengine ndani yake. Hata reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi ikapungua, nyimbo hazikwisha. Je, nani alimwuliza mtungaji wa kwanza? Hakuna. Nani alimwibia? Hakuna. Wimbo ulipita kinywani mwa mtu, naye akautia pumzi yake mwenyewe, akautolea jasho lake mwenyewe. Aliyeupokea alikuwa mwimbaji, si mchukuzi wa kitu cha mwingine.

Basi tuangalie tofauti. Sauti iliyonaswa katika kanda haipiti kinywani mwa mwingine. Kijana wetu hakuimba maneno ya yule binti. Alimwimbisha yule binti mwenyewe. Pumzi ni ya binti, koo ni la binti, na huzuni ile ya kuagana ni yake. Mtu akiimba wimbo wako, wewe wabaki na sauti yako nzima. Lakini akiitwaa sauti yako na kuisemesha apendapo, amekutwaa wewe, japo kidogo. Kwa hiyo hoja ya kwamba nyimbo zote hutoka katika nyimbo haitoshi. Ni hoja ya wimbo, nasi twauliza habari za sauti.

Wala tusidhani kwamba jambo hili limeanza mnadani Puge. Mwaka 1900 ilianzishwa katika mji wa Berlin nyumba ya kuhifadhi sauti zilizonaswa kwa fonografu katika mitungi ya nta. Mwaka 1909 mtaalamu wa nyumba ile, Erich von Hornbostel, alichapisha makala juu ya nyimbo za Wanyamwezi katika jarida liitwalo Anthropos. Alizisikiliza, akazipima, akaziandika kwa alama za muziki. Twamshukuru mtu akihifadhi kitu kilichoweza kupotea. Walakini ni nani hapa kwetu leo awezaye kusema, “Huyo aliyeimba ni babu wa babu yangu”? Sauti imebaki, na jamaa zake hawaijui njia ya kuifikia. Kuhifadhi peke yake si haki kamili.

Yako mambo mazito kuliko hayo. Karibu na mwaka 1970 mtaalamu Hugo Zemp alinasa katika kisiwa cha Malaita, katika visiwa vya Solomon, sauti ya mwanamke aliyeitwa Afunakwa, akiimba wimbo wa kumbembeleza mtoto. Sauti ile ikatiwa katika santuri iliyotolewa kwa jina la UNESCO. Mwaka 1992 wafanya muziki wawili wa Ufaransa, waliojiita Deep Forest, waliikata sauti ya Afunakwa, wakaiweka juu ya mapigo ya mashine, wakauita wimbo wao Sweet Lullaby. Ukauzwa duniani kote, ukatumiwa hata katika matangazo ya biashara. Zemp aliandika baadaye ya kwamba hakuitoa ruhusa hiyo. Tena, kwa kuwa santuri ile ya Wafaransa ilisemwa kuwa yahusu watu wa misitu ya Afrika, wengi walidhani sauti ni ya Mbilikimo wa Afrika ya kati. Na mwaka 1996 mpiga muziki mashuhuri wa Norway aliupiga wimbo uleule akiuita kwa jina la Mbilikimo. Hivyo mama wa kisiwa cha bahari ya Pasifiki alinyang'anywa sauti yake kwanza, kisha jina lake, kisha na nchi yake.

Twaona hapa mfano wa kale ambao Nathani alimwambia mfalme Daudi, juu ya tajiri mwenye makundi mengi aliyemchukua mwana-kondoo mmoja wa maskini ili amfanyie mgeni karamu. Wale waliokuwa na vyombo vya kila namna walikosa sauti moja tu, wakaitwaa kwa mtu asiyekuwa na kingine.

Karibu na wakati huohuo kundi la Enigma la Ujerumani lilitumia sauti za mume na mke wazee wa kabila la Waami wa Taiwan katika wimbo wao mashuhuri, pasipo kuwataja. Wazee wale hawakunyamaza. Walishtaki, na mwaka 1999 shauri likamalizika kwa mapatano, wakatambuliwa kuwa wao ndio waimbaji. Basi msiseme ya kwamba jambo hili halitengenezeki. Latengenezeka, ijapokuwa kwa kuchelewa.

Hata hivyo twataka kuwa wa haki kwa kijana wetu. Katika miji yetu, na hasa Dar es Salaam, umekua muziki uitwao singeli, wenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Watengenezaji wake walianza kwa kuvikata vipande vya taarabu za zamani na kuviharakisha. Mwaka 2017 santuri ya muziki huo, Sounds of Sisso, ilitolewa na kampuni ya Kampala, na vijana waliozaliwa katika mitaa ya kimaskini wakaalikwa kupiga Ulaya. Hawa si matajiri waliomnyang'anya maskini. Hawakuwa na vinanda wala walimu wa muziki, wakatumia walichokiona mbele yao, kama mtoto afanyavyo gari la mabua ya mtama. Ukimwambia mtu wa namna hii, “Usiguse cho chote cha zamani,” umemfungia mlango wa pekee alio nao.

Tena liko kosa la pili, nalo ni la sisi wazee. Kanda hizi zaoza. Gundi ishikayo ule unga hulegea kwa joto na unyevu, ukungu huota juu ya utepe, na mashine za kuzichezea zimekuwa adimu. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikizitengeneza, Funai ya Ujapani, iliacha mwaka 2016. Mwaka 2019 UNESCO iliwaonya watu wote wenye kanda za sumaku kwamba wakati wa kuziokoa wapungua. Nasi fikirini: Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata mwaka 1994. Kwa hiyo picha za arusi zetu, za misiba yetu na za kwaya zetu za miaka ile, kama zipo, ziko katika masanduku ya watu binafsi, chini ya vitanda, pamoja na panya. Ni wangapi kati yetu waliolifungua sanduku? Kijana huyu alilifungua. Kama asingelifungua, sauti ya yule binti ingalikuwa imekufa mara ya pili, na hakuna ambaye angalisikitika, kwa kuwa hakuna ambaye angalijua. Basi twamlaumu kwa neno moja, na kwa neno jingine twapaswa kumshukuru.

Wengine watauliza, “Sheria yasemaje?” Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ilindayo kazi za watunzi na haki za waimbaji, na hata sanaa za jadi. Yafaa kila kwaya iijue. Lakini sheria huangalia kazi: wimbo, kitabu, picha. Neno la mwana kwa mama yake wakati wa kuagana si kazi ya sanaa, hakuna aliyelitunga. Mali ya kanda ni ya kijana, nayo sheria ya mirathi yamthibitishia. Hata hivyo kila mmoja wetu aona moyoni ya kuwa neno lile halikuwa lake. Mahali sheria inapokoma, hapo dhamiri haina ruhusa ya kulala.

Kwa maoni yetu sauti iliyonaswa ni amana. Baba wa kijana aliipokea arusini kwa sababu watu walimwamini; walimwacha aingie ndani, hata mahali pa machozi. Aliyerithi kanda amerithi pia uaminifu huo. Afanane na mpagazi wa zamani: mzigo u begani mwake, nguvu ni zake, njia aijua yeye, wala pasipo yeye mzigo haufiki, lakini mzigo si wake. Mpagazi mwema hakuufungua njiani ili agawe nguo kwa rafiki zake.

Basi mtu atakaye kufanya muziki kwa kanda za zamani na afanye mambo haya. Kwanza, amtafute mwenye sauti, au jamaa zake, awaulize kabla ya kukata. Na wakikataa, akubali. Ruhusa isiyoweza kunyimwa si ruhusa. Pili, ataje jina, maana sauti isiyo na jina hupewa jina la uongo na watu wengine, kama tulivyoona habari za Afunakwa. Tatu, ikiwa fedha imepatikana, igawanywe. Nne, asimsemeshe mtu neno ambalo hakulisema. Mashine yaweza kuukata mwanzo wa neno na mwisho wa jingine, na kuungamanisha uongo kwa sauti ya kweli. Na siku hizi yako mashine yanayoiga sauti ya mtu kabisa, hata akasikiwa akisema asiyoyawaza kamwe. Jambo hilo ni ushuhuda wa uongo, hata likifanywa kwa kuchezea.

Mtu akituambia kwamba haya ni magumu, kwa kuwa wengine hawaonekani tena, twajibu: ndiyo, ni magumu. Asiyeweza kumpata mwenye sauti na aulize kijijini, angoje, na akiisha kuitumia awe tayari kuiondoa siku jamaa watakapotokea.

Sasa tuwaambie mwisho wa shauri la Puge. Wazee hawakutoa hukumu siku ile. Walimwambia kijana, “Nenda kwa mama mwenyewe.” Akaenda jioni, pamoja na mzee mmoja wa kumsindikiza, akapiga goti na kumwamkia. Alikuja na fedha kidogo mkononi, akidhani atadaiwa. Mama hakuitazama fedha. Akamwuliza, “Mwanangu, yako maneno mengine aliyosema?”

Kijana akajibu, “Yapo, mama. Kanda ni ya saa tatu.”

Basi siku ya pili wakaileta mashine nyumbani kwake, na televisheni ya jirani, nasi tulikuwamo. Picha ilikuwa na mistari, na mara nyingine ilitetemeka hata nyuso zikapotea. Lakini sauti ilikuwapo. Mama akaiangalia yote, tangu kupika asubuhi hata gari kuondoka. Alicheka mahali pawili. Ilipofika saa ya kuagana alijifunika uso kwa khanga, lakini alikataza mashine isizimwe.

Ilipokwisha akasema neno lake, nasi twaliandika kama tulivyolisikia: “Vigelegele viacheni katika wimbo wenu. Vile vilipigwa ili watu wote wasikie, na hao waliovipiga walikuwa wakifurahi. Lakini lile neno aliniambia mimi. Litoeni.”

Kijana akalitoa. Wimbo wa sasa una vigelegele peke yake, na jina la binti hutajwa mwanzoni, kwa ruhusa ya mama. Ule wa kwanza bado uko katika simu za watu wengine, kwa maana kilichopita mkononi mwa wengi hakirudi chote. Jambo hilo kijana alijua, nalo lamsumbua. Vijana wasema wimbo wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi. Labda ni kweli. Sisi si waamuzi wa muziki.

Lakini twaona kwamba mama yule, ambaye hakusoma vitabu, alitenga kwa maneno machache jambo ambalo sisi tulilihangaikia kwa siku nyingi. Liko neno lililosemwa kwa watu wote, na liko neno lililosemwa kwa mtu mmoja. Kanda haiwezi kuyatenga. Yayanasa yote sawasawa. Kuyatenga ni kazi ya mtu anayeisikiliza kanda.

Wainjilisti, walimu na wazee wa sharika, tafuteni kanda zilizomo katika nyumba zenu. Zitoeni chini ya vitanda, muwape vijana wanaojua vyombo, wazinakili kabla hazijaharibika. Andikeni majina ya wanaoonekana, maadamu wako walio hai wanaowatambua. Kisha kabla ya kufanya neno lo lote, waiteni wenyewe waje kuzitazama kwanza.